Kazi ya Kutembea

Guerschom Mugisho alikuwa fundi wa mizani. Kule Bukavu, kabla ya kukimbia, wauza unga na wauza dagaa walimtafuta kwa jina. Alikuwa akifungua uso wa mizani kama mtu anayefungua saa, anasafisha springi, anatundika jiwe la kilo moja, kisha anainamisha kichwa na kusubiri sindano itulie. Ikitulia pale inapotakiwa, anasema tu, "Sasa inasema kweli," na kumrudishia mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi zaidi ya hayo.

Kampala alifika na mkewe Marlène, binti yao Annick na begi moja la nguo. Vifaa vyake vilibaki. Karatasi zake za ufundi zilibaki pia, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi, kwa sababu kila mwenye karakana aliyemwendea alimwambia kwamba mizani ya biashara haiguswi na fundi asiye na cheti. Walipanga chumba kimoja Katwe, nyuma ya karakana za masufuria na majiko, mahali ambapo nyundo huanza saa moja asubuhi na ukitaka kumwambia jirani jambo inabidi umguse bega kwanza. Marlène akawa anasuka watu nywele mlangoni. Guerschom alibeba mifuko ya saruji, akachuuza mayai ya kuchemsha, akachimba mitaro. Kwa miaka mitatu hakugusa mizani hata moja. Akipita sokoni na kuona sindano imekaa vibaya, alikuwa anageuza uso.

Mteja mmoja wa Marlène ndiye aliyewaambia habari za kituo. Kituo cha Jamii cha Reli kipo chini ya kilima cha Nsambya, ndani ya ghala la zamani la bati, si mbali na nyumba za wafanyakazi wa reli. Watu hawakiiti hivyo, wanasema "kwa Akwero." Akwero ni mama wa miaka hamsini na kitu, aliyezaliwa katika kota za polisi palepale Nsambya. Baba yake alikuwa sajini kutoka Kitgum, naye amebaki na mtindo wa baba yake: anasimama wima, anauliza swali moja, kisha ananyamaza mpaka ulijibu. Kila Jumanne na Ijumaa ghala hilo linajaa watu wasio na kazi. Kuna Waganda wa mtaani, watoto wa wanajeshi kutoka kaskazini, Wakongo, na Wakenya wawili watatu. Kinachowakutanisha ni Kiswahili, kila mmoja na chake. Zipo kompyuta nne, ubao wa matangazo, birika kubwa la chai, na nyuma ya pazia kuna meza ambako watu wanafanya mazoezi ya kuhojiwa.

Siku ya kwanza Akwero alimuuliza Guerschom anajua kufanya nini. Alipojibu kwamba anajua mizani, Akwero aliingia jikoni akatoka na mizani ya kupimia sukari iliyokuwa imekufa tangu mwaka juzi, akaiweka mbele yake pamoja na bisibisi. Baada ya nusu saa ilikuwa inafanya kazi. Akwero hakumsifu. Alifungua daftari akamwandikisha kwa mtihani wa ufundi ambao kituo kingemlipia, akamweleza kwamba mtihani ni baada ya miezi minne na kwamba wakati huo wote aendelee kuja kutafuta kibarua chochote. Guerschom alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mkewe kuwa ameshika bisibisi.

Ijumaa moja ya Machi, siku chache baadaye, yapata saa nne asubuhi, mwanamke mmoja mzee aliingia kituoni akishikwa kiwiko na mpishi wake. Alikuwa amevaa gomesi, gauni refu la mkanda, ya rangi ya maziwa, na macho yake yalikuwa meupe kabisa. Presha ya macho ilikuwa imeyamaliza yote mawili. Mpishi, ambaye jina lake ni Atoo, alimkalisha kwenye kiti na kusema kwamba huyu ni Mama Ogwang kutoka Mbuya, mjane wa afisa wa jeshi, na kwamba anatafuta mfanyakazi wa kiume wa mchana.

Akwero akachukua kalamu. Akauliza ni kazi gani.

"Kutembea," alisema Mama Ogwang. "Nataka mtu wa kutembea ndani ya nyumba yangu."

Watu waliokuwa karibu na birika walicheka kidogo. Mama Ogwang aligeuza uso upande wao, akasubiri wamalize, kisha akaomba wanaume waliopo wapite mbele yake mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye meza. Walikuwa kumi na moja. Wengine walivaa viatu vya ngozi, wengine kandambili, mmoja makubazi ya matairi. Sakafu ya ghala ni ya saruji na kila hatua ilisikika. Wa kwanza alipita akitabasamu, na wa pili pia. Kufikia wa nne hakuna aliyekuwa anatabasamu tena, kwa sababu yule mama alikuwa ameinua kidevu na kusikiliza kwa namna ambayo ilimfanya kila mtu ajisikie amevuliwa nguo.

Guerschom alikuwa wa tisa. Alipopiga hatua ya tatu, mama alinyanyua mkono.

"Huyu. Rudi mlangoni, baba. Tembea tena."

Akatembea tena. Mama Ogwang akatoa leso akajifuta macho ambayo hayakuwa yanaona kitu. "Ana uzito wake," akamwambia Atoo.

Akwero hakuwa mtu wa kumtupa mtu kwenye kazi asiyoielewa. Alimpeleka Mama Ogwang nyuma ya pazia, akamhoji kama wanavyohojiwa waombaji wa kazi, na Guerschom akakaa pembeni akisikiliza. Mama alieleza bila kuficha. Alikuwa na mtoto mmoja, Ogwang. Miaka sita iliyopita Ogwang alisafiri kwenda nchi moja ya Uarabuni kufanya kazi ya ulinzi. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Baada ya miaka miwili simu zikakoma. Waliomtuma wakasema aliondoka kambini mwenyewe na hawajui alikoelekea. Hakuna barua, hakuna maiti, hakuna kaburi. Mama alipopoteza macho ndipo alipogundua jinsi nyumba ilivyonyamaza. Alisema kwamba zamani alikuwa anaijua siku kwa hatua za mwanawe, amefika kabatini, amefika jikoni, anatoka. Sasa siku hazina kitu ndani yake. Alijua vizuri kwamba atakayekuja siye Ogwang. Hakutaka kudanganywa, na hakuomba mtu amwite mama. Alichotaka kukisikia ni hatua tu.

Akwero aliandika mkataba wa kueleweka wenye saa za kazi, chakula cha mchana, nauli, na mshahara uliozidi chochote ambacho Guerschom aliwahi kupata Kampala. Kwenye nafasi ya jina la kazi aliandika "mhudumu wa nyumba." Kisha akamvuta Guerschom kando akamwambia kwamba anaweza kukataa na hakuna atakayemlaumu. Guerschom alifikiria chumba chao, Annick aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na miezi minne ya kusubiri mtihani. Akasema ataanza Jumatatu.

Nyumba iko upande wa kilima cha Mbuya unaotazama reli, nyumba ya chini yenye paa jekundu na migomba nyuma. Kwa mtu aliyetoka Katwe, kimya cha pale kilikaa masikioni kama maji. Atoo alimwonyesha chumba cha Ogwang na jozi ya viatu vyeusi chini ya kitanda, vya ngozi, visigino vimepigwa chuma. Vilimtosha kama vimepimwa kwenye mguu wake.

Kazi ilikuwa hivi. Anafika saa mbili na nusu, anaingia kwa mlango wa nyuma, anavaa viatu. Anatoka chumbani, anafungua kabati, analifunga. Anakwenda jikoni, anafungua maji, ananawa, anavuta kiti, anakaa. Anakohoa mara moja moja. Saa sita anatoka hadi getini na kurudi. Saa kumi anavua viatu, anavirudisha chini ya kitanda, vidole vikielekea ukutani. Akiwa amevaa viatu haruhusiwi kusema. Muda wote huo Mama Ogwang anakaa sebuleni, redio imezimwa, mikono juu ya magoti.

Saa kumi na dakika tano Guerschom alikuwa anaingia sebuleni miguu mitupu, na mama anamsalimu kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Hapo wanakunywa chai pamoja. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kambi za jeshi, alichojifunza Jinja na Moroto alikompeleka mumewe, na alipenda kuuliza habari za mizani, jinsi mtu anavyojua kuwa kitu fulani kinasema uongo. Guerschom alimpenda. Hilo alilisema baadaye kwa kila aliyemuuliza, ili watu wasimdhanie vibaya yule mama.

Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Annick alirudi shule. Marlène alinunua godoro jipya. Marekebisho yalikuwa madogo tu. Mama alimweleza wakati wa chai kwamba Ogwang aliwahi kuanguka na boda boda, na tangu hapo aliburuta kidogo mguu wa kushoto. Guerschom akaanza kuuburuta. Siku ya pili ya kufanya hivyo aliisikia pumzi ya mama ikikatika kule sebuleni, kisha ikarudi polepole.

Mwezi wa pili Marlène alimuuliza, "Papa Annick, mguu wako una nini?"

"Mguu upi?"

Marlène alimtazama tu akivuka chumba kwenda kuchukua jagi, akiburuta mguu wa kushoto.

Kuna asubuhi moja, Mbuya, alipofungua kabati kama kawaida, mkono wake ulipanda wenyewe juu ya kabati, nyuma kabisa ambako jicho halifiki, ukashuka na kitana cha mbao. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna kitana pale. Tayari alikuwa amekipitisha kichwani mara mbili alipokumbuka kwamba yeye hunyoa upara. Alikirudisha, akaenda jikoni, akanawa mikono kwa muda mrefu.

Na kuna jioni nyingine, jua halijazama, Marlène alikuwa ndani anapepeta mchele, akasikia mtu akija kwenye ujia wa nyumba yao. Karakana zilikuwa zimefunga mapema kwa sababu ya msiba. Alisikiliza zile hatua, akajua ni mwanaume asiyemfahamu, na kwamba anakuja mlangoni kwao. Akainuka akatia komeo. Mlango ukagongwa. Alikuwa Guerschom. Marlène alifungua, akampokea begi, akaendelea kupepeta. Lakini usiku ule alimwambia mumewe aachane na kazi ile.

Guerschom alilipeleka jambo hilo kwa Akwero, ambaye ana desturi ya kuwauliza watu wake kila mwisho wa mwezi wanaendeleaje. Akwero alimsikiliza hadi mwisho, akamtaka atembee. Guerschom akatembea. Akwero akatikisa kichwa, akasema kwamba ghala lile limempa kazi nyingi mbaya za kukumbuka, vumbi linaloua mapafu na mabosi wasiolipa, lakini kazi inayomla mtu mguu hajaiona. Alimshauri aache. Guerschom aliomba wiki tano tu, mpaka mtihani. Hakutaka kuingia kwenye mtihani akiwa na njaa. Akwero alikubali shingo upande.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, mvua ilinyesha tangu alfajiri ya Alhamisi bila kupumzika. Katwe ni bondeni. Kufikia saa mbili maji yalikuwa yameingia chumbani hadi kwenye vifundo vya miguu, meusi, vipande vya mbao na makaa vikielea juu yake. Guerschom na Marlène walishinda siku nzima wakipandisha vitu juu ya meza na kuchota maji kwa beseni. Simu ililowa ikafa. Hakwenda Mbuya, na hakuwa na njia ya kusema.

Ijumaa alifika mapema. Hakugusa viatu. Aliingia sebuleni miguu mitupu, akapiga goti moja kwa heshima, akaanza kuomba radhi.

Mama Ogwang alitabasamu. "Pole ya nini, baba? Jana umetembea vizuri kuliko siku zote."

Guerschom alidhani hakusikika. Akaeleza upya, taratibu, kwamba jana hakuja, kwamba alikuwa Katwe, kwamba chumba kilijaa maji na majirani wote walimwona.

Vidole vya mama vilikuwa vinapapasa kitambaa cha gomesi juu ya goti, mbele na nyuma. "Basi," alisema mwishowe. Tabasamu halikuondoka usoni.

Guerschom alikwenda chumbani. Chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Viatu alivikuta jikoni, mbele ya sinki, vidole vikielekea bombani kama mtu anayenawa. Alivigusa. Ngozi ilikuwa na unyevu, na ndani, pale kisigino kinapokaa, palikuwa na joto.

Akatoka nje haraka. Atoo alikuwa kwenye jiko la uani, amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Alikuwa akimsubiri. Alisema kwamba jana alimsikia akianza saa mbili na nusu kama kawaida. Saa sita, mvua ikiwa bado kali, alitoka uani kumtazama akienda getini, kwa sababu alitaka kumpa mwavuli. Alizisikia hatua zikipita njia ya saruji, zikafika getini, zikarudi. Mtu hakumwona. Tangu wakati huo hakuwa ameingia ndani ya nyumba, na chakula cha mama alikipitisha dirishani.

Kituo kilikuwa wazi siku hiyo. Guerschom alikwenda moja kwa moja, na Akwero alipomwona tu alimwachia mwenzake daftari, akachukua mkoba. Hakusema kama anaamini au haamini. Alipofika Mbuya alifanya kama ambavyo baba yake angefanya. Alikagua milango miwili na madirisha yote. Alimsimamisha Atoo katikati ya uwanja wa mbele, mahali anapoonekana. Alimkalisha Guerschom kwenye ngazi ya baraza, miguu mitupu, karibu naye kiasi cha kumgusa. Viatu alivirudisha kwa mkono wake chini ya kitanda. Kisha akakaa barazani na Mama Ogwang, dirisha la sebule likiwa wazi nyuma yao, akaanza kumuuliza habari za kwao Lira.

Waliongea kama robo saa. Mama ndiye aliyenyamaza kwanza, akainua kidevu.

Zilianzia chumbani. Kabati lilifunguka na kufungwa. Halafu hatua, ya kulia nzito, ya kushoto ikiburutwa, chuma cha kisigino kikigonga saruji, bila haraka, zikipita nyuma ya dirisha ambalo walikuwa wamelipa mgongo. Guerschom alijikuta anazihesabu pamoja nazo, kwa kuwa alijua ni kumi na nne hadi jikoni. Zilikuwa kumi na nne. Maji yakafunguliwa.

Akwero aliinuka akaingia ndani peke yake. Atoo, kutoka pale uwanjani, alimwona akipita mlangoni. Maji yaliendelea kumwagika kwa muda, kisha yakafungwa. Akwero alirudi, mikono yake imelowa, akaketi. Mpaka leo ukimuuliza aliona nini atakwambia kwamba bomba lilikuwa wazi akalifunga, na hataongeza neno. Alimgeukia Guerschom akasema kwamba mkataba umekwisha leo, na kwamba yeye ndiye aliyeuandika na yeye anaufuta.

Guerschom hakutaka kuondoka kama mwizi. Alimsogelea Mama Ogwang akachuchumaa mbele yake.

"Mama, mimi sitaweza tena."

"Najua," alisema. "Sikukuleta kwa ubaya, Guerschom. Nyumba ilikuwa imenyamaza. Mtu aliye mbali atajuaje mlango uko wapi? Wewe ulimwonyesha njia kwa miguu yako. Sasa anatembea mwenyewe."

"Mama huogopi?"

"Miaka minne niliogopa kimya. Hatua za mwanangu siwezi kuziogopa."

Kisha akaomba beseni na maji ya vuguvugu. Atoo alisita, lakini alileta. Mama Ogwang alishuka kitini, akakaa kwenye mkeka, akavuta miguu ya Guerschom mmoja mmoja ndani ya beseni. Guerschom alitaka kukataa, kwani mama wa umri ule kumwosha miguu ni jambo zito, lakini Akwero alimfanyia ishara aache. Mama aliosha polepole, kidole kwa kidole, nyayo, visigino. Alipofika mguu wa kushoto aliushika kwa mikono miwili, akaubana kwa muda, akisema jambo kwa lugha yake, Kilango, ambalo Guerschom hakulielewa. Akwero alielewa kidogo, maana Kilango na Kiacholi, lugha ya baba yake, ni ndugu. Alimweleza baadaye njiani. Mama alikuwa amemwambia mwanawe: mguu huu ni wa watu, mwachie mwenyewe, wako uko ndani.

Akamkausha kwa ncha ya gomesi yake. Halafu akamwomba Akwero aandike barua ya kumsifu, akaitia kidole gumba. Barua ilisema kwamba Guerschom Mugisho alifanya kazi nyumbani kwake kwa uaminifu, na kwamba siku ambayo hakuja, alisema mwenyewe kwamba hakuja.

Wiki mbili baadaye alifanya mtihani. Walimpa mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, iliyoharibiwa makusudi sehemu tatu. Alizipata zote tatu na ya nne ambayo wao wenyewe hawakuijua. Cheti kilipotoka, Akwero alikwenda naye Katwe kwa fundi mmoja aitwaye Huzaifa, mwenye karakana ya mizani mita mia mbili tu kutoka alipokuwa anaishi Guerschom, mahali alipopita kila siku kwa miaka mitatu akigeuza uso. Huzaifa alimjaribu siku moja akamchukua. Pale kituoni kuna fomu ya mtu anayetoka kazi moja kwenda nyingine, na inauliza sababu ya kuacha kazi ya kwanza. Guerschom alikaa nayo muda mrefu, kisha akaandika: "Mwenye nafasi amerudi." Akwero aliisoma, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili pamoja na nyingine.

Mguu haukupona mara moja. Ulichukua miezi, na hata sasa akichoka sana anauburuta. Anapenda kazi ya Katwe kwa sababu ya kelele. Nyundo zinapopiga pande zote, anasema, husikii hata hatua zako.

Siku moja alikutana na Atoo sokoni Nsambya. Alidhani alishaacha kazi, lakini Atoo alisema yupo palepale na amezoea. Mama anaendelea vizuri, amenenepa, siku hizi anaimba asubuhi. Hajamtafuta mfanyakazi mwingine. Atoo alikuwa ameshika mfuko wa plastiki, na ndani yake palikuwa na viatu vyeusi, soli zimeisha kabisa upande wa kushoto. Alikuwa anavipeleka kwa fundi. Ni mara ya pili mwaka huu, alisema, kama mtu anayelalamikia bei ya nyanya. Guerschom alimwonyesha kwa kidole fundi viatu alipokaa, lakini hakumsindikiza.

Akwero humtembelea Mama Ogwang kila baada ya mwezi, kama anavyowatembelea waajiri wote. Hukaa barazani na kunywa chai. Ndani haingii.

Mwaka jana Guerschom na familia yake walihama bondeni, wakapanga vyumba viwili juu kidogo, upande wa Nsambya, ambako maji hayafiki. Annick sasa ana meza yake ya kusomea. Siku ya kuhama, mbebaji alipotaka kuingiza kitanda, Marlène alimzuia mlangoni amsubiri kwanza. Alikuwa amenunua zulia kubwa la mtumba. Alilitandika mwenyewe juu ya saruji, kona hadi kona, akakata vipande akajaza hata nyuma ya mlango, kisha akamwita mumewe aingie, atembee, aende hadi dirishani na kurudi. Guerschom alikwenda na kurudi. Marlène alisimama katikati ya chumba, amefumba macho, na aliporidhika kwamba hasikii kitu, akasema kitanda sasa kinaweza kuingia.